Arobaini na Tatu kwa Kumi

Nderingo alikuja na injini ngeni ndani ya gari kuukuu,
ameinunua Arusha, Unga Limited, kwa bei ya ng'ombe wawili na maneno mengi.
"Mia na sitini, Mkunde," akasema, akigonga boneti
kama anayemwamsha mgeni.
"Binamu yangu ananisubiri Boma Ng'ombe, pale barabara inaponyooka.
Tumewekeana laki mbili."

Niliingia chini kabla ya kumjibu.
Gereji hii ya Njoro huanza kutazama nyuma.
Nikafungua difu, nikafuta oili kwa kipande cha kanga,
nikahesabu kwa chaki, jino baada ya jino:
arobaini na matatu kwenye krauni,
kumi kwenye pinyoni.

"Haitafika."
"Injini ina nguvu!"
"Sijasema haina.
Umemwajiri kuli mwenye kifua, ukamvalisha sketi ya kubana.
Atakimbia, ndiyo. Utasikia visigino, ko-ko-ko-ko,
na hatua ni ileile fupi."

Akaenda hivyohivyo.

Jumatatu akanisimulia bila kunitazama:
mshale ulipanda hadi mia thelathini na sita, ukagoma.
Gia ya nne inapiga yowe, mguu umezama kwenye kapeti,
na bado, akaapa kwa kaburi la babu yake,
alihisi nguvu imebaki mle ndani,
imebaki na haina mlango.
Laki mbili zikapanda basi kwenda Arusha.

Nikamtafutia thelathini na saba kwa kumi,
kutoka kwenye teksi iliyofia Pasua.
Nilimwambia na jambo jingine, lakini alikuwa anahesabu noti:
upepo hauuzi kila kilomita kwa bei moja.
Ukitaka mwendo mara mbili, unakudai nguvu mara nane.
Nane, Nderingo.
Akasema, "Sawa, sawa," kama mtu anayekubali risiti asiyoisoma.

Alfajiri, hewa imelala, mlima uko uchi hadi kileleni,
alipata mia hamsini na mbili. Akanipigia simu akicheka.
Saa tisa alasiri, barabara ileile, upepo usoni:
mia thelathini na moja.
Chini ya pale alipoanzia.
Akapiga tena. Sasa hakucheka.
"Gia ndefu, pumzi fupi," nikamwambia. "Sasa sketi imepasuliwa,
ila kuli ndiye amechoka."

Halafu ikaja Kibosho.
Hili sikuambiwa na yeye, nililisikia kwa muuza vipuri:
alikuwa amempakia mama yake, gunia mbili za mbolea, na debe la mafuta ya taa.
Kwenye kona ya juu ya kanisa gia namba moja ikawa kama namba mbili,
klachi ikanuka kama kwato lililochomwa.
Mama akashuka. Akajifunga kanga vizuri. Akapanda kwa miguu.
Alishafika, ameshabandika chai,
ameshamenya ndizi nusu sufuria,
ndipo akasikia gari la mwanawe likikohoa kwenye kahawa za jirani.

Jumatano alirudi.
Akaweka pesa mezani, akazilalia na spana kumi na saba.
"Rudisha."
"Ipi?"
"Unaijua."

Ilikuwa bado rafuni, imefungwa kwa gazeti,
chaki yangu ingali kwenye jino la kwanza.
Wateja wa mlimani nawajua; sikuiuza.
Tulifanya kazi hadi taa za barabarani zikawaka, yeye ameshika tochi,
hasemi kitu, anaangalia jinsi kumi inavyoing'ata arobaini na tatu,
inaachia, inang'ata.

Akawasha. Akarudisha gari nyuma hadi getini.
Akasimama. Akashusha kioo.

"Mkunde. Na nikipata giaboksi ya gia tano?"

Nikaitafuta chaki.